Siku Mama Mfuniko Alipofunua Masufuria

Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Wifi yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, alikuwa akiuza wali na maharage kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa duka langu la kushona. Watu walimwita Mama Mfuniko, na jina hilo hakulipata bure. Kila chombo chake kilikuwa na kifuniko: sufuria, ndoo ya maji, bakuli la chumvi, hata kikombe chake cha chai. Akipakua, anafunua nusu, anachota, anafunika. Nilikuwa nikimtania, "Wifi, ukifa wewe utadai jeneza lenye mifuniko miwili." Naye hujibu bila kugeuka, "Mmoja nitakuachia, uufunike huo mdomo wako."

Alianza kuuza chakula baada ya msiba, mtoto mgongoni na beseni la viazi vya kuchemsha kichwani, akifukuzwa kila kona kama kuku aliyeingia kwenye mpunga. Mwisho baraza la mji likampa kona ile kwa sharti la usafi. Bwana afya akikuta chakula wazi, au jiko karibu na mtaro, unaondoka. Sharti hilo wifi alilishika kuliko watu wengine wanavyoshika dini. Alinunua pipa la maji lenye bomba na kabati la vioo. Kona ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mwanawe, na hakuwa na nyingine.

Basi akaja msafiri mmoja na kamera yake, na mkalimani aliyemkodi mjini. Kazi yake, tuliambiwa, ni kuzunguka dunia akila vyakula vya mitaani, na watu wasiohesabika wanamtazama kwenye simu. Alitoa taarifa siku moja kabla. Wifi hakulala vizuri kwa furaha. Mimi nikamshonea aproni mpya nyeupe, na jirani akatuazima sahani za kaure anazowatolea wakwe zake.

Msafiri alipofika akatazama pipa, akatazama kabati, akatazama aproni, uso ukamshuka. Wakanong'ona na mkalimani wake.

"Anasema pazuri, ila pamekaa kama hotelini," mkalimani akatuambia. "Watazamaji wake wanapenda mtaa wenyewe. Mama avue hiyo aproni, jiko lisogezwe pale mtaroni, na masufuria yafunuliwe, mvuke uonekane."

Nilitoka dukani na mkasi mkononi. "Wifi, usikubali! Huyu anataka kukuaibisha."

"Mgeni huyo, wifi yangu," akasema kwa upole. "Ametoka mbali. Ni dakika chache tu."

Hapo ndipo tunapopatikana watu kama sisi. Mgeni akituomba kitu, tunaona haya kumnyima, hata kama kitu chenyewe ni heshima yetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Labda wao walitembelewa na wageni wa aina nyingine.

Jiko likasogezwa. Masufuria yakafunuliwa. Nzi wa mtaroni, ambao hawakuwahi kukijua chakula cha wifi, wakakaribia sherehe. Msafiri akala, akaongeza sahani ya pili, akalamba vidole, akaondoka na afya yake tele.

Video ilipotoka, mteja wangu mmoja anayejua lugha ya yule bwana akatutafsiria. Alikisifu chakula, sikatai. Alisema ni kitamu kuliko vyote alivyokula safari hiyo. Kisha akaelekeza kamera mtaroni na kusema kwamba watu wa huku hawaujali uchafu, na mwenye moyo mdogo asijaribu kula hapa. Akajipigapiga kifua. Shujaa! Mtaro aliuchagua mwenyewe, nzi akawaita mwenyewe, kisha anajipongeza kwa kuwavumilia. Sisi tuliokula pale miaka yote bila hata kuumwa tumbo, mbona hatukupewa nishani?

Haikuisha wiki, bwana afya akaja na askari wa baraza. Huyu ni mtu aliyekuwa akila kwa wifi kila mchana, na kuomba ukoko juu. Akatoa simu yake, akamwonyesha.

"Mama, wakubwa wameiona. Wameniagiza nikufunge leo, na kona apewe mwingine."

"Wewe unakula hapa kila siku," wifi akasema. "Umewahi kuona nzi?"

"Sijaona."

"Umewahi kuliona jiko langu mtaroni?"

"Sijawahi, mama. Mimi najua wewe ni msafi. Lakini hii imeonwa na dunia nzima. Nitawaambia nini?"

"Waambie ulichokiona."

Bwana afya akainamia viatu vyake. Askari wakaanza kubeba kabati, kisha pipa, kisha benchi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, na hakuna aliyenisikiliza.

Walipofikia jiko, bwana afya akamsogelea wifi, akapunguza sauti. "Mama, kwa kuwa chakula kimeshaiva, nifungie kidogo basi, nikale ofisini."

Wifi hakutukana, wala hakulia. Aliichukua ile simu mkononi mwa bwana afya, akaisimamisha video pale anapoonekana akipakua kando ya mtaro na nzi, akamrudishia.

"Umemwamini huyu mama wa humu ndani," akamwambia. "Mwambie akupakulie."