Mizani ya Matogoro

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu mhadhiri wetu wa sera za umma alikataa kusoma tasnifu ya mtu ambaye hajafanya kazi wilayani. Tulikuwa tukimalizia shahada ya uzamili. Nilipangiwa Songea pamoja na Zuhura, mwenzangu kutoka Tanga, ambaye nilikuwa nikimshinda karibu kila mtihani.

Basi lilipofika Njombe, baridi ilitupiga sawasawa. Zuhura alikuwa ameshazoeana na nusu ya abiria. Mimi nilisoma.

Songea tulipokewa na Bwana Haule, afisa mipango wa wilaya. Biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa. Ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee, wafanyabiashara waliingia vijijini na malori, na wakulima walilalamika kupunjwa.

“Nataka ushauri unaotekelezeka,” alisema. “Ripoti ninazo.”

Wiki ya kwanza nilijifungia chumbani, mtaa wa Bombambili, nikaandika kwamba kila kijiji kiwe na mizani, maana wanunuzi walitaka lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likashonewa kilemba juu, kwa bei ya gunia la kawaida. Nilimsomea Zuhura.

“Wazo zuri, kaka. Wakulima wanasemaje?”

Sikuwa nimewauliza. Bwana Haule naye alisoma, akashukuru, akaiweka ripoti yangu juu ya nyingine.

Siku ya mkutano wa wakulima katika kijiji cha Matogoro, Zuhura hakuhutubia. Alikuwa ameazima mizani kwenye ghala la ushirika. Alimwomba mnunuzi mmoja anunue gunia la lumbesa la Mama Ngonyani, mkulima wa pale, mbele ya watu wote. Walipokubaliana bei, gunia likapandishwa kwenye mizani. Watu wakasogea kuangalia.

“Mbona limezidi gunia la kawaida hivyo?” Mama Ngonyani aliuliza. “Basi niongezee bei, au nipunguze mahindi yangu.”

“Mama, mimi nanunua gunia. Sinunui kilo.”

“Hapa utanunua kilo.”

Wengine wakadakia. Kabla ya jua kuzama kijiji kilikuwa kimekubaliana kwamba gunia halitoki bila kupimwa, na Bwana Haule, aliyekuwa amekuja mkutanoni, akaahidi mizani.

Nilikaa nyuma. Lile lilikuwa wazo langu. Nilimtazama Bwana Haule akimpa Zuhura mkono, akimwomba abaki mpaka mwisho wa mavuno, azunguke vijiji vingine. Mimi aliniambia kwa upole, “Wewe kamalizie kuandika, kijana wangu.”

Asubuhi ya kurudi, Zuhura alinisindikiza stendi.

“Bwana Haule nimemwambia wazo ni lako,” alisema.

Nilimshukuru, nikapanda basi. Njia nzima nilitamani angekuwa ameliiba, nipate sababu ya kumchukia.

Dar es Salaam mhadhiri aliniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu kwamba wiki nzima nilikuwa na jibu sahihi mezani, na hakuna gunia hata moja lililopimwa.