Pedeli ya Kushoto

Wilibrodi alizaliwa kijijini Buger na akakua akichunga ng'ombe wa baba yake bila kuwapenda. Alichopenda ni magari. Alianza kama utingo wa lori la vitunguu, akawa dereva wa watalii, akashuka na kupanda kreta ya hifadhini mpaka akawa anajua kwa harufu tu kwamba gari la mbele linaunguza klachi. Baadaye alifungua gereji Karatu mjini, nyuma ya nyumba aliyokaa na mkewe Hyasinta na binti yao Goodness. Hapo ndipo alipoifufua Subaru iliyopondeka ubavu, akaifungia injini yenye nguvu, akaanza kwenda nayo kwenye mashindano ya mbio za magari ya Arusha.

Aliyekaa kando yake kumsomea kona za njiani kutoka daftarini alikuwa Nelson, Mmasai wa Sale, rafiki aliyempata enzi za kupeleka watalii Ziwa Natron.

Msimu wa kwanza klachi ya kawaida iliwafia mlimani upande wa Monduli. Injini ilinguruma, moshi ukatoka, gari likabaki palepale. Vijana wa maduka ya vipuri wakamshauri afunge ile ngumu kuliko zote, yenye vipande vya shaba. Wilibrodi alikataa. Alimweleza Nelson kwamba ile hushika yote kwa mara moja, haijui nusu, na wao walikuwa wanaishi Karatu yenye matuta na malori, hawakuwa wanaishi kiwanjani. Akaagiza ya kati: presha pleti, lile bamba linaloibana sahani, yenye springi kali, lakini sahani yake inashika kwa upole. Alichonga flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo sahani hubanwa nalo, ikawa sawa, akafunga kila kitu kwa mkono wake. Kisha kwa wiki kadhaa akaliendesha gari kama amebeba mayai, mpaka sahani ikazoea. Nelson, aliyeliendesha mara mojamoja, alikatazwa kulaza mguu juu ya pedeli na kulishikilia gari mlimani kwa klachi.

"Mlima unashikwa kwa breki," alimwambia.

Mwaka ule walimaliza wa tatu. Pengine ndio mwaka mzuri kuliko yote aliyoishi.

Masika yaliyofuata, pedeli ikaanza kuwa nzito. Siku moja akirudi kutoka mnadani Rhotia alikanyaga klachi kilimani, isifike chini, gia zikasaga. Alifika nyumbani, akatoa upepo kwenye mfumo wa mafuta ya klachi. Haikusaidia. Akabadilisha silinda ya juu, halafu ya chini. Akashusha gia boksi, akakagua beringi, akapaka grisi, akairudisha. Pedeli ikaonekana kulegea kwa siku chache, kisha ikawa nzito tena. Mwishowe, kwa uchungu, aliitoa ile presha pleti aliyoichagua kwa makini akafunga ya kawaida, ile ambayo hata mtoto angeikanyaga. Nayo ikamshinda.

Hyasinta alikuwa ameona jambo jingine. Kandambili ya mguu wa kushoto ilikuwa ikimtoka mumewe uani, naye anaendelea kutembea bila kujua. Aliogopa kusema.

Nelson aliposhuka kutoka Sale kwa ajili ya mazoezi, Wilibrodi alimsimulia shida yote, akamwomba aijaribu pedeli. Nelson aliketi kwenye kiti cha dereva akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Aliweka mikono juu ya usukani.

"Kaka," alisema, "hii klachi ni nyepesi."

"Kanyaga mpaka mwisho."

"Nimefika mwisho. Ni nyepesi."

Wilibrodi alitazama mguu wa rafiki yake, kisha akatazama wa kwake. Alipopandisha suruali, Hyasinta aliyekuwa anaanika nguo aliona kwamba msuli wa shavu la mguu ule umekwisha, umebaki mfupa na ngozi.

Walianzia hospitali ya karibu, wakapelekwa Moshi. Daktari, mwanamke mpole, aliwaeleza kwamba neva zinazoamrisha misuli zilikuwa zinakufa, kwamba zitaendelea kufa, na kwamba hakuna dawa ya kuzirudisha. Wilibrodi aliuliza kama angejua mapema ingesaidia. Daktari alisema hapana. Shangazi yake wa Mbulu alileta mizizi ya kuchemsha, watu wa jumuiya wakaja kusali. Alikunywa, akasali nao. Kabla ya mavuno mguu wa kulia nao ulianza kuburuta.

Nelson ndiye aliyetoa wazo la kubadilishana viti. Yeye aendeshe, Wilibrodi asome kona. Waliirudisha ile klachi ya kati yenye springi kali na wakajiandikisha kwa mashindano madogo. Nelson alimbeba mgongoni mpaka garini, na kwa nusu ya njia mambo yalikwenda vizuri. Wilibrodi alisoma, Nelson akakata kona, vumbi likabaki nyuma yao. Kisha ulimi wa Wilibrodi ukawa mzito. Alitaka kusema kushoto, neno likakwama mdomoni, likatoka wakati gari limeshaingia kwenye shamba la mahindi. Hakuna aliyeumia.

Nelson alizima injini. Alisema kosa ni lake, hakusikia kwa sababu ya kelele.

"Hapana," Wilibrodi alisema polepole. "Mimi nilichelewa."

Hawakuenda tena. Gari liliegeshwa uani, chini ya dirisha la chumba ambamo Wilibrodi alikuwa analala. Alikuwa bado anaweza kuongea kiasi, akamwelekeza mkewe: gari lililosimama lazima klachi yake ikanyagwe mara kwa mara, la sivyo raba za silinda zinakauka na sahani inagandia flaiwili. Kila asubuhi, akishamaliza kuwapa kuku chakula, Hyasinta aliingia garini akakanyaga. Kule ndani mumewe alisikiliza. Nelson alikuja mara chache, kisha ukame ukampeleka mbali pamoja na ng'ombe wake, simu zake zikawa fupi. Goodness, aliyekuwa amesoma mpaka kidato cha pili, aliacha shule ili asaidiane na mama kumgeuza baba yake kitandani.

Mvua za vuli zilipokaribia, Hyasinta alikanyaga pedeli, nayo ikazama mpaka chini bila kurudi. Aliivuta kwa mkono, ikazama tena. Mafuta yalikuwa yamevuja kwenye kapeti. Alikaa mle kidogo akifikiria amwambie nini, kisha akaingia ndani akamwambia ukweli.

Wilibrodi alichukua muda mrefu kulipata neno.

"Iache," alisema.

Hyasinta alimfuta mate kidevuni, akamwinua kwenye mto, akaanza kumnywesha uji kwa kijiko. Nusu ya uji ilimwagika.