Geji Isiyozidi Kifuniko cha Soda

Baba alitupa makaa kwenye injini za treni za moshi mpaka injini zenyewe zilipoondolewa relini. Baada ya hapo alirudi Katelembo kulima mahindi na mbaazi, na sijawahi kumsikia akisifu jembe hata siku moja. Alichokisifu ni moto. Ukimkuta na mgeni barazani, ujue hadithi imefika stesheni ya Konza, injini inapandisha mlima na yeye ana koleo mkononi.

Mimi nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja huko Athi River, nikikaa Machakos mjini. Miaka ya tisini ikielekea kwisha, niliingiwa na wazimu wa kutengeneza boila ndogo ya mvuke, ya kuzungusha injini ya kuchezea, ili baba aiwashe kwa mkono wake kabla uzee haujammaliza. Sikutaka kuiuza wala kumwonyesha mtu mwingine. Nilitaka kumwona akiwasha moto wa boila mara moja tena, basi.

Niliikata kutoka bomba la shaba nyekundu, ikawa na ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Nililehemu Jumapili tano mfululizo, nikaweka na valvu ya usalama yenye springi. Nilipompelekea, baba hakuitazama sana. Aliipakata, akapitisha kidole polepole juu ya mshono, kama wafanyavyo mafundi wa zamani, akasema, "Umechomelea vizuri." Nilivimba kichwa. Kidole kikaendelea mpaka kwenye tundu la juu, la kipimo cha presha, nililoliziba kwa bolti.

"Geji iko wapi?"

"Baba, iko na valvu. Presha ikizidi, inajifungua yenyewe."

"Sijauliza valvu. Geji iko wapi?"

"Nitaleta baadaye. Leo tuwashe tu kidogo."

"Bila geji siwashi." Kibiriti kilikuwa kwenye mfuko wa shati, na kilikaa huko huko. "Na ukileta, nitasoma mwenyewe. Anayewasha ndiye anasoma. Presha haisomewi mtu kama barua."

Hiyo ndiyo sheria aliyotoka nayo relini, na mtu asingemtoa hapo hata kwa winchi. Nikajiambia, geji ni kitu gani? Wiki moja tu.

Wiki gani! Nilianzia Machakos mjini, kwenye duka la vifaa linalouza pampu za maji. Mwenye duka alinitolea geji moja, uso wake mpana kama kisahani cha chai, namba nene nyeusi, mshale mwekundu. Ilisoma mpaka paundi sitini, kipimo nilichohitaji hasa. Bei yake ningeilipa bila kukopa. Nikacheka.

"Hiyo ikikaa juu ya boila yangu, boila itaanguka."

"Fundi, unataka presha ama unataka urembo?" akaniuliza.

Nilitaka vyote viwili. Nilikuwa nimetumia Jumapili tano kwa kitu kidogo kizuri, na sikuwa tayari kukivika kisahani. Nilitaka geji isiyozidi kifuniko cha soda. Nikamrudishia yake.

Nairobi, eneo la viwanda, niliingia duka la vipimo lenye kiyoyozi. Msichana wa kaunta alifungua kitabu chenye picha, na geji yangu ilikuwa humo, nzuri ajabu. Ingeagizwa ng'ambo. Aliponitajia bei nilidhani anasoma namba ya simu. Nilitoka bila kuaga, na mpaka leo naona aibu, kwa kuwa yule msichana hakuwa amenikosea chochote.

Kwa wauza vyuma chakavu nilipata moja ya kizimamoto. Ilikuwa ndogo, safi, lakini haikuwa na namba hata moja, rangi ya kijani na nyekundu tu. Nyingine ilitoka kwenye mtungi wa gesi wa mchomeleaji, na hiyo ilipima presha kubwa mno hata mvuke wangu wote usingeutingisha mshale. Niliifunga, nikaifungua, nikaigonga kwa bisibisi, nikaitukana. Miezi ikapita hivyo. Kila nilipofika nyumbani mikono mitupu, baba aliuliza swali lile lile kwa sauti ile ile, nami nilianza kuchukia kwenda nyumbani.

Hatimaye mwenzangu kazini akaniambia kuna mtu aliyekuwa na duka la dobi lenye pasi za mvuke, akalifunga na kuhamia Masinga kulima vitunguu karibu na bwawa. Nilimfuata. Geji ilikuwa kwenye debe la misumari, ndogo, ya shaba ya manjano, na ilisoma mpaka paundi sitini. Yule bwana alikataa pesa.

"Pampu yangu imekufa na vitunguu vinakauka," alisema. "Ikipiga maji, geji ni yako."

Jumamosi nzima nililala kifudifudi kwenye matope nikivuta pampu iliyoshikwa na kutu kuliko dhambi zangu. Jioni maji yalitoka. Nyuzi za kukazia geji hazikulingana na tundu langu, ikabidi nichonge kiungio kiwandani saa za chakula. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliiweka boila mbele ya baba, geji inang'aa juu yake. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Alipapasa mpaka akaifikia. Akaisogeza boila karibu na uso, karibu zaidi, pua ikagusa kioo. Akaigeuza upande wa jua.

"Mshale uko wapi?" aliuliza taratibu.

Nilidhani ananitania. Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mbaazi, naye akainamisha kichwa.

"Baba yako haoni vizuri," alisema. "Tangu mavuno ya mwaka jana. Anaona vitu vikubwa tu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Na wewe ukija hapa ni geji, geji, geji. Uliuliza macho?"

Niliwakasirikia wote wawili, na hasira ilipokosa pa kukaa ilinirudia mwenyewe. Vitu vikubwa. Namba nene nyeusi, mshale mwekundu, kisahani cha chai. Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda moja kwa moja kwenye lile duka la pampu. Mwenye duka alinikumbuka. Ile geji kubwa ilikuwa imenunuliwa zamani, na zilizokuja baada yake ni ndogo ndogo. "Watu wanapenda hizi," alisema, na nilitamani kumrushia moja.

Nilirudi Katelembo Jumapili, nikamweleza baba kwamba nitatafuta kubwa, nitakwenda hata Mombasa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza vidole mfukoni, akatoa kibiriti, akakitikisa, akanipa.

"Washa wewe," alisema. "Wewe ndiye unaona."

Sikutaka. Nilikuwa nimeijenga ile boila ili nisiiwashe mimi. Njiti mbili zilivunjika mkononi mwangu, ya tatu ikashika. Maji yakaanza kunung'unika ndani ya shaba, na mshale ule mdogo ukainuka kutoka sifuri. Sikusema kitu, maana niliijua sheria yake. Niliutazama mshale, kisha nikamtazama yeye, aliyekuwa ameinama kuelekea joto, mikono juu ya magoti.

"Imefika ngapi?" aliuliza.

Niliinama nikafuta mvuke kwenye kioo cha geji.

"Nisomee, kijana," akasema.