Salamu Kabla ya Kamba

Nilirudi Kihesa na farasi, lijamu ya chuma, mjeledi mrefu na kiburi cha mtu aliyetazama video nyingi. Kila nikiingia zizini, farasi ananipa mgongo. Shangazi, ambaye punda wake humfuata bila fimbo, alinitazama siku tatu akachoka.

“Unamfuata mwenzio na vyuma mkononi, hata kumsalimia hujamsalimia. Wewe ungekaa?”

Niliona aibu. Kesho yake nilichukua kamba laini ya pamba tu, nikasimama mlangoni mwa zizi na kusema “Kamwene”, kama tunavyosalimiana Wahehe. Nikangoja. Farasi alikuja mwenyewe, akanusa kamba, akainamisha kichwa nimvishe.

Mjeledi Shangazi ameufunga uani. Anaanikia vitenge.