Chuo Alichokichagua Candida

Dada yangu Candida alikuwa na kichwa kigumu, na anayebisha akaulize Mtaa wa Mkunguni. Nusu ya vibao vya maduka ya pale alivichora yeye, akiwa juu ya ngazi, khanga kaifunga kiunoni juu ya gauni, huku wanaume wakipita chini na kumwuliza kama mumewe kampa ruhusa. Hakuwa na mume. Aliwajibu kwamba rangi ikidondoka haichagui kichwa, nao wakaongeza mwendo.

Kuchora alianzia kwa Taraben, mama wa Kihindu mwenye duka la rangi lililotazamana na letu. Kila Diwali Taraben alipiga magoti kizingitini na kuchora maua kwa unga wa rangi, na Candida, alipokuwa na miaka kumi, alipiga magoti kando yake. Mimi Josepha, mdogo wake, nilibaki dukani nikipima maharage, kwa hiyo msimhurumie yeye peke yake.

Baba yetu, Mzee Onesphory, alitoka Kibosho baada ya vita akafungua duka la nafaka Kariakoo. Mama alibaki kule Kibosho na shamba lake la kahawa. Baba alitusomesha kwa masista mpaka darasa la kumi, wenzake wakamcheka kwa kupoteza ada kwa mabinti, naye hakuwajali. Haki yake nampa. Lakini alikwisha amua kwamba Candida atakuwa nesi, na uamuzi wa Baba ulikuwa mzito kuliko magunia yake.

Mwaka 1957 Candida alianza kwenda mjini kila Alhamisi, kwenye chumba cha kusomea walichokifungua Wamarekani, kuangalia vitabu vya maelezo ya vyuo vyao. Mtu mwingine angetazama majengo na bustani. Yeye alitazama picha za kazi za wanafunzi.

"Hiki hapana," aliniambia siku moja. "Wote wanachora mti uleule. Mwalimu wao anawavalisha sare mikononi."

Mwishowe alibakiwa na vyuo vitatu, akaviandikia. Cha kwanza, cha kusini mwa Marekani, kilimjibu kwamba kinataka picha ya uso wake, kijue rangi ya ngozi yake, kabla hakijatazama michoro yake. Alicheka kicheko kibaya akaichana barua. Cha pili kilikuwa radhi kumchukua na kumlipia kila kitu, ila kwa masomo ya unesi tu. Baba aliisikia hiyo barua akainunulia soda. Cha tatu kilikuwa chuo kidogo milimani, kinachofundisha kuchora asubuhi mpaka jioni, na mwanafunzi asiye na ada anafanya kazi jikoni. Hicho ndicho alichokitaka. Alikitumia michoro kumi na miwili akangoja.

Machi ikapita, Aprili, Mei. Sanduku la posta lilikuwa la duka, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Baba pamoja na rozari. Kila aliporudi posta, Candida aliuliza, na kila mara Baba alijibu, "Hamna kitu, mwanangu." Nilimwona dada yangu akikonda. Aliacha hata kuwajibu wale wanaume wa chini ya ngazi.

Jumamosi ya tarehe nane Juni, baada ya chakula cha mchana, Baba alifunga mlango wa duka mapema. Aliiweka mezani fomu ya serikali ya kusomea unesi hapahapa mjini, na kalamu juu yake, kwa maana Jumatatu ilikuwa lazima ipelekwe. Kisha akatoka uani, penye debe alilopandia isale aliyoileta toka Kibosho. Alirudi ameshika jani moja kwa mikono miwili.

Kwetu Uchagani jani la isale ni la kuombea msamaha. Aliyekosa akikuletea, huna njia ya kukataa, hata kama amekuchomea nyumba. Na Baba alijua hivyo alipolichuma.

"Candida, mwanangu," alisema, "nakuomba. Tia saini. Usinikatae mbele ya isale."

Candida alilitazama lile jani, hakulipokea.

"Baba, jani hili hutolewa na mwenye kosa kwa aliyekosewa. Sijawahi kuona mzee analeta isale kwa mtoto wake. Wewe umenikosea nini?"

"Nimekuomba tu."

"Isale si ya kuombea saini. Sema kosa lako, Baba, nilipokee. Kama huna kosa, lirudishe kwenye debe."

Baba alisimama pale kama mtu aliyesahau alichokifuata. Alikuwa anaogopa uongo mbele ya jani lile kuliko alivyoogopa padre. Mwisho akaenda kwenye mzani, akainua kibao cha chini yake, akatoa bahasha ya ndege iliyokwisha funguliwa. Muhuri wake ulikuwa wa wiki tatu nyuma.

"Nilisomewa na karani," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaona watakuchukua. Nikaogopa."

Nilimchukia Baba dakika ile, na sioni haya kusema. Candida hakupiga kelele. Aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akatusomea kwa Kiswahili. Walikuwa wameipenda michoro yake. Walitaka mmoja zaidi, wa mtu aliye hai, uliochorwa mtu huyo akiwa amekaa mbele yake na si kutoka kichwani, ufike kabla ya Juni kwisha.

"Siku ishirini na mbili," alisema. Akalipokea jani toka mikononi mwa Baba. "Nimekusamehe. Lakini chuo nimechagua mimi, na fomu hii siitii saini leo wala Jumatatu."

"Watu watasema nimekusomesha ukaishia kwenye rangi," alinong'ona Baba.

"Waseme. Wakija kuniambia mimi, nitakuwa juu ya ngazi."

Aliigeuza ile fomu, upande wa nyuma mweupe, karatasi nzuri nzito ya serikali. Akatoa penseli nyweleni.

"Kaa hapo kwenye gunia, Baba. Shika isale tena, nakuazima. Mikono miwili, kama ulivyoingia nayo."

Baba alinitazama mimi, akatazama mlango, akakaa. Alikaa saa nzima, jani mikononi, jasho likimtiririka shingoni mpaka kwenye ufunguo, asilifute. Taraben aligonga mlango akitaka mchele. Baba hakugeuza hata shingo.

"Njoo baadaye, Taraben," alisema. "Sasa hivi nachorwa."