Mwiko Alioutangaza Orval Stidham

Orval Stidham alistaafu kuendesha lori la gesi akiwa na goti bovu na uchungu mmoja wa ujanani: hakuna kocha wa chuo hata mmoja aliyewahi kuja kumtazama akirusha mpira. Basi akajipa kazi isiyo na mshahara. Akiona kijana wa sekondari yetu hapa Pruett anaijua besiboli, atampiga video, atampimia kasi ya mpira kwa kile kimashine chake chenye umbo la bastola, kisha atawaandikia makocha wa vyuo, hamsini, sitini, mpaka mmoja ajibu. Wengi hawajibu. Oklahoma nzima ina vijana wanaorusha mpira.

Namjua vizuri kwa sababu huketi ubavuni mwangu, nyuma ya wavu. Mimi ndiye mshika daftari la mechi. Kila mpira unaorushwa nauandika. Orval hutafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe, mara nyingine kwenye kiatu changu. Nimemsema mpaka nimechoka. Haambiliki.

Ila kwa jambo moja nampa haki yake: haandiki uongo. Baba mzazi akiwa na mtoto anayerusha maili themanini kwa saa, ataandika tisini bila haya. Orval akipima themanini na mbili, anaandika themanini na mbili. Ndiyo maana wale makocha wachache wanaomjibu, wanamwamini.

Msimu huo mtu wake alikuwa Colby Kirkes, mrushaji, mwaka wa mwisho. Mamake, Rhonda, ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee na amemlea peke yake. Mpira wa Colby haukuwa na kasi ya kutisha, lakini ulikuwa ukifika mwishoni unapinda, na mpigaji anachapa hewa. Sasa kasi inaonekana kwenye video. Kupinda kule huwezi kukuona mpaka uje mwenyewe uketi nyuma ya wavu.

Orval akamng'ang'ania Kocha Mapes, wa chuo kimoja mwendo wa saa tatu kutoka hapa. Mapes alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu ya kusomeshwa bure, na alikuwa na vijana wawili akilini: Colby, na mwingine wa mji wa Hartsell. Akasema Jumanne atawapitia wote wawili, halafu ataamua. Colby akikosa, mwezi wa sita anaanza kuezeka mapaa na mjomba wake.

"Mimi sitaki awe nyota," Rhonda alimwambia Orval. "Nataka asome. Huko juu ya mapaa mjomba wake keshavunjika mgongo mara moja."

Jumanne mechi ikaanza saa kumi na nusu jioni. Mapes hayupo, alikuwa ameanzia Hartsell. Colby akawatoa wapigaji watatu wa kwanza, zamu ikaisha. Zamu ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Ilipokwisha ya tano, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameupiga mpira wake ukamfikisha kituo cha kwanza.

Hapo ndipo watu wote walipobadilika. Kumaliza mechi nzima hivyo ni bahati ambayo warushaji wengi hawaipati maishani, na kwetu mrushaji akifika hapo, haisemwi. Ukisema umeiharibu. Wenzake wakahamia upande wa pili wa benchi wakamwacha peke yake, hakuna wa kumsemesha wala kumtazama. Mtangazaji akasoma matokeo, moja bila, sisi mbele, akafunga mdomo. Katika daftari langu mstari wa wapinzani ulikuwa sifuri tupu, nami nikaufunika kwa mkono. Siamini uchawi, lakini niliufunika.

Simu ya Orval ikalia. Mapes ana sikio zito, huongea kwa kupaza sauti, kwa hiyo tulimsikia.

"Orval, niko njia panda. Huyu wa Hartsell nimeshamwona, si mbaya. Nije huko, au nirudi zangu? Wako anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Vizuri vipi? Wamempiga mara ngapi?"

Orval akanitazama. Nikatazama daftari.

"Mechi inaendelea, kocha."

"Bwana wee, nimeshinda barabarani tangu asubuhi! Kapigwa, hajapigwa?"

"Njoo utajionea."

Mtu asiyeficha kitu akianza kuzungukazunguka, utafikiria nini? Mapes alifikiri kijana anatandikwa. "Haya, nimekuelewa," akasema. "Usijali, rafiki yangu. Tutaongea mwakani." Akakata.

Rhonda alikuwa ameketi safu ya nyuma yetu. "Amesemaje?"

"Anarudi kwao."

"Anarudi? Kwa nini hukumwambia?"

"Haisemwi, Rhonda."

"Haisemwi nini? Kwamba mwanangu haja..."

"Shhh!" Watu sita kwa pamoja.

Rhonda akasimama. "Loo! Uwanja mzima unajua, asiyejua ni yule mmoja tu aliyetakiwa ajue! Hivi nyinyi mna akili timamu?"

Mzee mmoja akamwambia akakae kwenye gari. Rhonda akamjibu neno ambalo sikuliandika. Kisha akamwinamia Orval, sauti imemshuka. "Atapanda mapaa, Orval. Unasikia? Wiki sita tu zimebaki."

Orval akatema ganda, akakosa kikombe. Kisha akainuka, akashuka ngazi moja moja na lile goti lake, akatoka langoni hadi kwenye maegesho, simu sikioni. Zamu ya sita ilikuwa imeanza. Kwa umbali ule angeweza kusema kwa sauti ya chini, kama si upepo, na kama si sikio la Mapes.

"HAJAPIGWA!" tukasikia. "Kocha, hajapigwa hata mara moja! Zamu ya sita hii! HATA MOJA!"

Colby naye alisikia. Alikuwa ameshika mpira, akageuza kichwa kuelekea langoni. Mpira aliorusha baada ya hapo haukupinda. Gongo likaupata katikati, ukapita juu ya kila mtu, ukadunda kwenye nyasi, na mpigaji akasimama kituo cha kwanza anacheka.

Watu mia mbili wakageuka kumtazama Orval. Nimeishi na watu hawa miaka sitini, sijawahi kuwaona wanamchukia mtu kwa umoja namna ile. Na mimi nilimchukia. Niliiandika ile alama kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Mapes alifika zamu ya saba, ya mwisho, vumbi limetanda nyuma ya gari lake. Colby alikuwa amevurugika kabisa: wapinzani wawili wapo vituoni, mmoja tu ametolewa, na bado ni moja bila. Mapes hakutafuta kiti, alisimama kwenye wavu. Mpigaji aliyefuata akachapa hewa mara tatu, akatoka. Wa mwisho akachapa hewa mara tatu, na mechi ikaisha, tumeshinda. Mapes akaandika kitu kwenye kijikaratasi akaondoka bila kumuaga hata Orval. Alhamisi akapiga simu: nafasi ni ya Colby.

Siku ya kutia saini walifanya kijisherehe kwenye maktaba ya shule, keki na kofia ya chuo. Orval alikuja akaketi nyuma. Hakuna aliyemsogelea isipokuwa Rhonda, aliyemkumbatia akalia mpaka akamlowesha shati.

Kisha Colby akaja na kipande cha keki kwenye kisahani.

"Mzee, ni wewe uliyesema siku ile?"

"Si ulinisikia?"

"Nilisikia. Nataka uniambie mwenyewe."

"Ni mimi."

Kijana akakitazama kile kisahani. "Mama anasema nikushukuru."

"Si lazima."

"Hapana, asante. Kweli, asante." Akamsogezea kisahani. "Lakini ningepewa kuchagua, mzee, ningechagua ile mechi."

Orval akapokea keki yake.

"Najua," akamwambia. "Ndiyo maana sikukuuliza."