Chanjo ya Jumanne

Ng'ombe hakuwa wetu kabisa. Baba alipewa na rafiki yake wa Kumsenga, mtu aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia huku, akalima, akafanya biashara ya maharage, akapata uraia, na siku moja akamgawia baba mtamba mwekundu mwenye baka jeupe pajani. Kwetu Makere ng'ombe wa namna hiyo ana masharti yake. Unamlisha, mbolea yake unaipeleka migombani, na ndama jike wa kwanza unamrudisha kwa aliyekupa. Ukishamrudisha, ng'ombe ni wako na nyumba zenu mbili ni ndugu. Kabla ya hapo humuuzi, humchinji, humkati hata alama sikioni mpaka uende kwa mwenyewe ukamwambie ana kwa ana, na huendi mikono mitupu.

Wanaume hao wawili wamekufa wote. Walibaki wajane wawili, mama na yule wa Kumsenga, na mtamba akiwa na mimba yake ya kwanza ya miezi saba. Nilibaki na mimi, niliyerudi nyumbani na shahada ya mipango na bahasha ya vyeti ambayo nilikuwa nimeshaipeleka mara tatu kwenye mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nduta bila kuitwa.

Bwana mifugo alikuja siku ya gulio, siku ya Ijumaa. Ni mtu wa Tanga, amehamishiwa huku, bado analalamikia baridi. Alitangaza kwamba ugonjwa wa mapele ya ngozi umeingia vijiji vya jirani, na kwamba Jumanne asubuhi atachanja ng'ombe wote pale joshoni. Chupa moja, alisema, inatosha ng'ombe wengi, lakini ikishachanganywa haingoji. Saa chache tu, kinachobaki kinamwagwa. Watu walipotawanyika nilimfuata.

"Wetu ana mimba," nikasema. "Ni salama?"

"Salama."

"Salama kabisa?"

Alinitazama huku akifunga sanduku lake la barafu nyuma ya pikipiki. "Binti, hiyo kabisa muulize Mungu. Mimi nina sindano tu. Mlete."

Ningekuwa mtu mwingine, mazungumzo yangeishia hapo. Lakini nilipanda mlimani mahali mtandao unaposhika, nikasoma. Nilisoma kwamba chanjo ile ni ya virusi hai. Nikasoma kwamba haina shida kwa wenye mimba. Nikasoma mfugaji mmoja wa nchi nyingine akiandika kwamba ng'ombe wake aliharibu mimba siku chache baada ya sindano, na watu wengi chini yake wakimwambia haihusiani. Nilimwamini yule mmoja. Huwa namwamini yule mmoja. Nilishuka na picha ya ndama aliyekufa kichwani, na ndama huyo nilikuwa nimemuua mimi.

Siku ile ile nikapata pa kujificha. Nilimwambia mama hatuwezi kumchanja ng'ombe wa watu bila ruhusa.

"Baba yako alikuwa anampa dawa ya minyoo bila kumwuliza mtu," mama akasema. Alikuwa anachagua maharage, hakuinua kichwa.

"Ile ni ya kunyweshwa, mama. Hii inatoboa ngozi."

"Basi mpigie simu mama wa Kumsenga."

"Kwa simu? Jambo la ng'ombe? Si atatuona hatuna adabu?"

Mama aliacha maharage akanitazama kwa muda. Najua sasa kwamba alikuwa anatafuta kuona kama ninaogopa, na nilivaa uso wa mtu anayejali mila. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Ndizi za pombe ya kupeleka Kumsenga zilikuwa bado shimoni zinaiva. Tulizikamua Jumapili baada ya misa, tukatia unga wa mtama, tukafunika. Pombe ingekuwa tayari Jumatano. Nilihesabu siku hizo na sikusema kitu, wala mama hakusema. Jumanne ingepita katikati, na wala isingekuwa mimi niliyekataa. Ingekuwa pombe haijaiva.

Jumanne hiyo nilisimama mlangoni mwa banda nikatazama ng'ombe wa watu wakipita kwenda joshoni. Jirani yetu, ambaye hajawahi kupita bila neno, aliwasimamisha wa kwake wawili.

"We msomi! Wenu humleti? Au alishachanjwa chuoni?"

"Wetu ana mwenyewe. Tunasubiri ruhusa."

"Ruhusa ya sindano!" Alicheka mpaka ng'ombe wake wakaanza kutangulia. "Ugonjwa nao utapiga hodi?"

Alhamisi nilipanda basi la Kibondo na dumu la pombe mapajani. Kutoka Kibondo nilichukua bodaboda, na dereva aliponusa dumu akaniuliza, "Dada, unapeleka mahari mwenyewe?" Nilicheka naye. Nilikuwa mwepesi siku hiyo, nadhani ni kwa sababu njiani hakuna mtu anayekudai uamuzi.

Mama wa Kumsenga alinikuta nimesimama uani pake. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayeongea huku mikono ikifanya kazi nyingine. "Mwakeye, mwana wanje," akanisalimu kama mtoto wake, akapokea dumu, akanipa kiti. Nikatoa maelezo yangu yote: ugonjwa, chanjo, mimba, niliyoyasoma, heshima ya marehemu wote wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kadiri nilivyoendelea ndivyo mikono yake ilivyopunguza mwendo.

"Yaani umetoka Makere na dumu hili kwa ajili ya sindano?"

"Ndiyo, mama."

"Simu yako ilikufa?"

Nikatazama dumu.

"Wa kwangu wote nilishawachanja, mwezi uliopita. Hata mwenye mimba. Mchanjeni, jamani, nani amewazuia?"

Aliita wakwe zake waje waonje, na mmoja wao akasema pombe ni nzuri, imeiva sawasawa.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa bwana mifugo. Alisema chupa ya mwisho ilibaki karibu nusu na aliimwaga Jumanne ile ile. Nyingine italetwa na wilaya, hajui lini. "Nilikusubiri mpaka saa saba," aliongeza, bila hasira, na hilo ndilo neno ninaloamka nalo.

Halikufika hata juma la tatu. Asubuhi moja ng'ombe hakusimama nilipoingia na majani. Ngozi ilikuwa ya moto, macho yanatoka machozi, na nilipopitisha mkono shingoni nilihisi vinundu chini ya manyoya, vigumu, kama mtu aliyepanda mahindi humo. Siku ya pili vilifika tumboni na miguuni. Bwana mifugo alimchoma dawa za homa na za vidonda, maana kwa ugonjwa wenyewe hakuna dawa. Siku ya tano mimba ilitoka. Ndama alikuwa jike, mwekundu. Mama alimfunika kwa jani la mgomba, kisha akaniambia nikachimbe. Ng'ombe mwenyewe alikufa baada ya siku nne.

Nilimwuliza bwana mifugo kama ile Jumanne ingemwokoa. Alisema kinga huchukua wiki mbili au tatu kujengeka, na huenda alikuwa ameshaumwa na mainzi wanaoeneza ugonjwa. "Pengine ingemsaidia. Pengine isingefaa kitu." Alidhani ananipa nafuu. Amenipa kitu cha kufikiri maisha yangu yote.

Ng'ombe wa kugawiwa akifa, mwenyewe anaonyeshwa ngozi, ajue hukuuza. Tulimwuliza bwana mifugo kwanza. Alisema ikaushwe juani kabisa kabla haijatoka kijijini. Nikaipeleka mimi, imekunjwa ndani ya kiroba. Mama wa Kumsenga aliitandaza uani na kuinama. Ilikuwa imejaa matundu na makovu ya duara, haifai hata kuwambia kigoda. Alipitisha kidole juu ya machache, akafika kwenye baka jeupe, akaacha.

"Daktari wa chanjo alikuja siku gani?"

"Jumanne."

"Nawe ulifika kwangu Alhamisi."

"Ndiyo, mama."

Aliikunja mwenyewe. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Badala yake alisema, "Nina mtamba mwingine, ameshachanjwa. Mume wangu asingewaacha hivihivi. Mwambie mama yako aje amchukue kabla ya mvua. Mvua zikianza nitampa mtu mwingine."

Niliitikia kwa kichwa. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Sijamwambia mama. Kwanza nilifikiri nisubiri banda likae tupu mpaka ugonjwa upite. Kisha nikafikiri kama mkono wetu una mkosi. Kisha nikafikiri kwamba nikimwambia ataniuliza, "Unaonaje?" Kila jioni anakata majani pembezoni mwa shamba, kwa mazoea tu, anayaweka mlangoni mwa banda, na asubuhi nayakuta yamenyauka nayatoa. Leo sijayatoa. Yamelowa. Mvua imenyesha tangu alfajiri.